Mtoto wa Pimbi Nyumbani kwa Chui

Hapo zamani, watoto wangu, zamani ile ambayo wanyama walikuwa na nyumba na mikeka na majirani wa kugombana nao, Bi Pimbi aliishi na wanawe kwenye majabali yaliyo juu ya mto mwembamba. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo wa kahawia, ukubwa wake kama sungura aliyeshiba. Hana mkia wa kuringia wala kucha za kutisha. Alichojaliwa ni nyayo zinazonata kwenye mawe, macho makali, na ulimi usiochelewa.

Chini ya majabali, upande wa mashariki, alikaa Bwana Simba na mkewe na mtoto wao wa pekee, Ngurumo. Upande wa magharibi walikaa Bwana Chui na Bi Chui. Hao hawakujaliwa mtoto.

Siku moja asubuhi Simba na Chui walikutana mtoni. Fisi naye alikuwepo, kwa kuwa wakubwa wawili wakikutana mahali, Fisi hapendi kukosa kitakachoanguka.

Simba alikuwa akimsifu mwanawe. "Jana kanguruma mpaka majani yakatikisika! Nani kamfundisha? Hakuna! Ni damu. Damu yangu hiyo."

Chui alikunywa maji, akapangusa ndevu. "Damu gani, bwana? Mtoto ni malezi. Anakusikia wewe ukinguruma kutwa kucha. Ulitaka afanye nini, aimbe?"

"Wewe utajuaje habari za watoto?" Simba alisema. "Kwako hakuna hata mmoja."

Loo! Neno lile lilimwingia Chui kama mwiba wa mgunga. Alinyanyuka, madoa yakamcheza mgongoni.

"Nipe mtoto yeyote," alisema. "Yeyote! Nitamlea mpaka awe chui."

"Hata wa pimbi?"

"Hata wa pimbi!"

"Hii, hii, hii!" Fisi alirukaruka. "Wekeaneni dau basi, nami niwe shahidi!"

Wakawekeana. Masika yakiisha, mtoto atapimwa. Akiwa chui, bonde lote la mto litakuwa la Chui kuwinda peke yake. Akibaki pimbi, bonde ni la Simba.

"Na mtoto mwenyewe?" Fisi aliuliza, mate yakimtoka.

"Akibaki pimbi, nitamla," alisema Simba.

"Akiwa chui, ni mwanangu daima," alisema Chui. "Na mawindo yake ya kwanza yatakuwa huko huko majabalini. Mtoto wa nyumba anaijua milango yote."

Bi Pimbi alikuwa juu yao akiota jua na wanawe. Alisikia kila neno, akaanza kucheka, maana alidhani ni porojo za wakubwa walioshiba. Kicheko hakikufika mwisho.

Puu! Chui alikuwa amesharuka.

"Kwii! Kwii! Kwii!" Bi Pimbi alipiga kelele. Kwa lugha ya pimbi maana yake ni moja tu: adui, kila mtu ndani!

Watoto wakatumbukia kwenye nyufa za mawe, tumbu, tumbu, tumbu. Lakini Kijiwe, kitinda mimba, alikuwa mbali kidogo akitafuna jani, na alitaka kwanza alimalize. Chui alimkamata kwa ngozi ya shingo, akamning'iniza kama mfuko, akashuka naye.

Bi Pimbi alitoka pangoni akasimama pale mwanawe alipokuwa. Jani lilikuwa bado pale, limeliwa nusu.

Hakulia hapo hapo. Alikaa akafikiri. Simba akishinda, Kijiwe ataliwa. Chui akishinda, Kijiwe atakuja kuwala ndugu zake. Wakubwa walikuwa wamegawana ushindi wote, wakamwachia yeye msiba kwenye pande zote mbili.

"Basi," alijiambia, "lazima asishinde hata mmoja wao."

Kesho yake alishuka mtoni. Simba, Chui na Fisi walikuwa wakinywa maji.

"Hodi, waheshimiwa."

"Nani huyo?" Simba aliangalia huku na huku, kisha akaangalia chini. "Aa! Mama wa dau! Umekuja kumlilia mwanao?"

"Sikuja kulia, bwana mkubwa. Nimekuja kukuombea ushinde."

Simba alishangaa. "Nikishinda nitamla mwanao, unajua?"

"Najua, bwana. Heri afe pimbi kuliko aishi chui." Alimgeukia Chui, akainamisha kichwa. "Unisamehe, baba. Ila jambo moja limenikosesha usingizi. Dau lenu limekaa upande mmoja."

"Upande mmoja vipi?" Chui aliuliza.

"Bwana Simba anasema damu haibadiliki. Wewe unasema malezi hubadili kila kitu. Sasa mtoto wa mnyonge amepelekwa kwa mwenye nguvu. Na mtoto wa mwenye nguvu, je? Si naye apelekwe kwa wanyonge, tuone? Akirudi simba vile vile, maneno ya Bwana Simba yametimia. Akirudi pimbi, yametimia yako."

"Haki kabisa!" Fisi alidakia. Fisi hakujua haki ni nini, ila alijua vurugu ikikua, mabaki nayo hukua.

"Mwanangu?" Simba alinguruma mpaka maji yakafanya mawimbi. "Ngurumo akakae na pimbi? Thubutu!"

Bi Pimbi alirudi nyuma hatua. "Nisamehe, bwana mkubwa. Sikujua kama unaogopa."

"Nani anaogopa?"

"Wewe!" Chui aliangua kicheko. "Unaogopa! Unajua fika malezi yatamgeuza! Fisi, wewe shahidi, Simba kakataa!"

"Sijakataa!"

"Umekubali?"

Simba alikwaruza mchanga kwa kucha. Mkewe angekuwepo angemkanyaga mguu. Lakini Bi Simba hakuwepo, na wenye kiburi huwa hawana breki.

"Nimekubali," alisema. "Mchukue! Utaona utakavyojuta, mama. Atakula ukoo wako wote kabla ya mvua ya kwanza."

Ndivyo Ngurumo alivyopelekwa majabalini, analia, na mkia wake ukiburuta mavumbini. Alikuwa bado mdogo, lakini hata hivyo alimzidi Bi Pimbi kimo. Watoto wa pimbi walipomwona walijibana ukutani wote.

"Mama! Umemleta simba ndani!"

"Nimewaletea ndugu. Sogeeni apate pa kulala."

Kazi haikuwa rahisi. Majani Ngurumo aliyajaribu, akayatapika.

"Tumbo lako siwezi kulibadili," alisema Bi Pimbi, akamtafutia mayai ya ndege, panzi na mijusi. Jambo jingine lilikuwa zito zaidi. Siku moja aliingia pangoni akakuta kichwa cha binti yake hakionekani.

"Ngurumo! Toa kichwa cha dada yako mdomoni!"

Ngurumo alifungua kinywa taratibu. Binti alitoka amelowa, amekasirika.

"Sikumng'ata, Mama Pimbi. Nilikuwa naonja tu."

"Ndugu haonjwi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Ngurumo alijiangalia makucha. "Mimi ni mbaya?"

Bi Pimbi naye aliyaangalia. Alitaka kumwambia ndiyo. Mwanawe mwenyewe alikuwa mikononi mwa Chui kwa sababu ya baba wa mtoto huyu. Lakini mtoto alikuwa anamtazama.

"Una njaa," alisema. "Njoo, nina yai."

Kila siku kulikuwa na shule juu ya jabali. Somo la kwanza: kuota jua, kila mtu na sehemu yake, bila kusukumana. Somo la pili: kupanda jiwe kwa kutumia nyayo, si makucha. Na somo kubwa kuliko yote lilikuwa lile la Kwii. Bi Pimbi alikuwa akijibanza mahali, kisha ghafla, wakati watoto wamesahau kabisa, anapaza sauti:

"Kwii! Kwii!"

Tumbu, tumbu! Wote ndani. Ngurumo mwanzoni alibaki nje amesimama, akiuliza, "Yuko wapi? Tumpige?"

"Hapigwi mtu! Ukisikia Kwii, huulizi, hufikiri, unaingia. Rudia!"

Wakarudia. Asubuhi wakarudia, jioni wakarudia, wakila, wakicheza, wakisinzia. Aliyechelewa hakupata yai. Mvua za kwanza zikaja zikapita, masika yakaja, na Ngurumo akafikia hali ambayo hata kasuku wa msituni akipiga mluzi, yeye tayari kichwa kiko ufani. Mwili ulikuwa ukikua, ufa haukui. Siku hizo aliingia kwa kujikunyata na kusukumwa na dada zake kwa nyuma.

Na Kijiwe je?

Kutoka juu ya jabali Bi Pimbi aliweza kuona nyumba ya Chui ng'ambo ya korongo. Aliona Chui akimfundisha Kijiwe kunyata, tumbo chini, hatua kwa hatua. Alimwona Kijiwe akipandishwa mtini, anateleza, anapandishwa tena. Alimwona Bi Chui akimlamba kuanzia masikioni mpaka miguuni, polepole, kama aliyekuwa akiisubiri kazi hiyo miaka mingi.

Adhuhuri moja yenye jua kali, alipoona Bwana Chui ametoka kuwinda, Bi Pimbi alishindwa kuvumilia. Alivuka korongo, akatambaa chini ya vichaka mpaka karibu na ua. Bi Chui alikuwa amesinzia. Kijiwe alikuwa kando yake, anatafuna mfupa.

"Kijiwe," aliita kwa sauti ya chini. "Mwanangu. Mimi mama."

Kijiwe aliinua kichwa. Alikuwa amenenepa. Aliinua mdomo wa juu, meno yakaonekana.

"Nrrr! Toka hapa, wewe pimbi! Nitakung'ata!"

Bi Chui alifumbua jicho moja. Bi Pimbi hakungoja lifumbuke la pili. Alikimbia mpaka akafika juu ya jabali, akaingia pangoni, akalala kifudifudi.

"Umemwona Kijiwe?" watoto waliuliza. "Hajambo?"

"Hajambo. Ameshiba."

Hila yake yote ilisimama juu ya jambo moja: kwamba Kijiwe akisikia Kwii, atakimbilia mwambani. Sasa hakujua tena. Lakini hila nyingine hakuwa nayo, na masika yalikuwa yanaisha.

Siku ya kupima ilipofika, walikutana wote mtoni. Ugomvi ulianza kabla ya salamu.

"Tuweke nyama na majani," alisema Chui. "Kila mtoto achague."

"Umemzoesha nyama!" alisema Simba. "Hiyo si haki. Wangurume, tusikie sauti."

"Koo la mwanangu ni dogo, litangurumaje? Hiyo nayo si haki!"

"Tuwale wote wawili," Fisi alishauri, "tusikie ladha."

Bi Pimbi alikohoa. "Waheshimiwa, mtoto akiwa ametulia anaweza kuigiza chochote mnachotaka. Washtueni. Mtoto aliyeshtuka hana nafasi ya kuigiza. Anakimbilia kwao."

Walitazamana. Chui alimkumbuka Kijiwe anavyopanda mti siku hizi, akatabasamu. Simba aliiwaza damu yake, akatabasamu pia.

"Wapi?" aliuliza Simba.

"Pawe mahali ambapo kila mmoja ana pa kukimbilia. Pale juu kuna uwanja mdogo. Kuna mti wa mgunga, hapo ndipo penye chui. Kuna jabali, hapo penye pimbi. Na wewe, bwana mkubwa, ukisimama katikati, hapo ndipo penye simba."

"Na mwanao akikimbilia jabali, nimeshinda. Nitamla, mama. Usije ukaleta machozi."

"Ukishinda ni wako, bwana. Mchukue popote alipo."

"Popote alipo," Simba alirudia, akaridhika. "Fisi, umesikia?"

"Nimesikia. Na kuwashtua niwashtue mimi! Nina kicheko kizuri sana."

Wakapanda. Watoto wakawekwa katikati ya uwanja. Ngurumo alimtambua baba yake, akatikisa mkia kwa mbali, kama mtu anayemwona mgeni aliyewahi kusikia habari zake. Kijiwe alisimama amevimbisha manyoya, akamnusa Ngurumo, akanguruma, "Nrrr!"

"Mnamwona?" Chui alinong'ona kwa fahari. "Mnamwona mwanangu?"

Bi Chui alikuwa chini ya mgunga. Bi Pimbi alisimama karibu na jabali.

Fisi alizunguka kichaka. Kimya. Nzi mmoja alipita.

"HUUU-HU-HU-HII-HII-HIII!"

Na papo hapo, kana kwamba naye ameshtuka, Bi Pimbi akapaza sauti: "Kwii! Kwii! Kwii!"

Ngurumo hakuuliza, hakufikiri. Vuu! Alipita kando ya baba yake kama upepo, akajitupa kwenye ufa wa jabali. Kichwa kikaingia. Mabega yakakwama. Miguu ya nyuma na mkia vikabaki nje, vinapiga hewa.

Lakini Kijiwe alikuwa amekimbilia mti. Alikuwa ameshakumbatia shina, ameshapanda urefu wa chui. Juu kidogo palikuwa na tawi, na Chui alikuwa ameshaanza kushangilia.

"Mwanangu! Panda! Panda!"

Bi Pimbi alisahau hila. Alisahau Simba na bonde na dau. Sauti ilimtoka tena, na safari hii haikuwa ya kupangwa. Ilitoka imepasuka katikati.

"Kwii!"

Kijiwe alisita. Sikio moja likageuka. Alimtazama Bi Chui aliye chini yake, na Bi Chui akamtazama. Kisha nyayo zikaachia shina. Alianguka, pu, akanyanyuka, akakimbia moja kwa moja mpaka jabalini, akapita chini ya tumbo la Ngurumo, akajipenyeza kando ya shingo yake, akapotea ndani ya ufa.

Bi Pimbi aliingia kwa mlango wa nyuma. Nyumba ya pimbi, watoto, ina milango mingi.

Nje, kelele zilianza.

"Nimeshinda!" Simba alinguruma. "Pimbi kabaki pimbi! Damu!"

"Umeshinda wapi?" Chui alipiga kelele. "Na huyo mwenye mkia nje ni mtoto wa nani? Geuka umwangalie! Simba mzima kajificha kwenye shimo la pimbi! Malezi!"

Simba aligeuka. Aliuona ule mkia. Jinsi ulivyokuwa umesimama wima, ukitetemeka, hapakuwa na namna ya kuusema vizuri.

"Hii-hii! Wote mmeshinda!" Fisi alicheka mpaka akakaa chini. "Wote mmeshindwa! Sasa chakula kiko wapi?"

"Chakula changu ni yule mdogo," alisema Simba, aibu imemgeuka hasira. "Tulisema nimchukue popote alipo. We mama! Mtoe mwanao!"

Sauti ya Bi Pimbi ilitoka mwambani, tulivu. "Yuko hapa, bwana mkubwa. Mchukue popote alipo. Ndivyo tulivyosema."

Simba aliingiza mkono kwenye ufa mwingine. Kucha ziliingia. Kiganja kilikataa. Alijaribu wa pili, ukamchubua. Alijaribu kulisukuma jabali, na jabali, kama mnavyojua majabali, halikuwa na haraka ya kwenda popote.

"Umenidanganya!"

"Sikukudanganya. Na hata hivyo hukushinda, bwana. Unasema damu ndiyo iliyomrudisha. Kijiwe alitoka kwangu akiwa ameshaota meno. Somo la Kwii nilimfundisha tangu ananyonya. Hayo si malezi?"

"Enhe!" Chui alidakia. "Malezi! Nimeshinda!"

"Malezi yangu, baba, si yako. Yako yalimpandisha mtini."

Chui aliutazama mti.

"Basi ni kipi?" Bi Chui aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kusema siku ile. Alikuwa bado chini ya mti, mahali pale Kijiwe alipoangukia. "Wewe ni mama yake. Ni damu au ni malezi yaliyomwangusha kutoka kwenye mti?"

Mle ndani Bi Pimbi alimtazama Kijiwe.

"Sijui, mama mwenzangu," Bi Pimbi alijibu. "Naapa sijui."

Bi Chui aliinama akanusa shina, kisha akaondoka peke yake kuelekea magharibi. Hakumngoja mumewe.

Ndani ya ufa Ngurumo alikuwa analia. Pua yake ilikuwa karibu na uso wa Bi Pimbi, imelowa.

"Mama Pimbi, siingii! Nisukumeni!"

"Hutaingia tena, mwanangu. Umekua."

"Lakini nimesikia Kwii!"

"Umesikia, na umekimbia vizuri kuliko wote." Alimpangusa pua kwa kiganja chake chenye kunata. "Sikiliza. Toa pumzi yote. Rudi nyuma taratibu. Yule aliye nje ana hasira, lakini hasira yake si kwako. Ni baba yako."

"Atanipa mayai?"

"Atakupa nyama. Utaipenda. Tumbo lako limeisubiri siku nyingi."

"Na nyinyi je? Nikija mtaniona adui?"

Bi Pimbi alimpangusa tena pua. "Ukija, simama mbali kwanza utaje jina," alisema. "Haya. Toa pumzi."

Ngurumo alitoa pumzi. Simba alivuta kwa nyuma. Chopo! Mtoto akatoka, masikio yamekunjamana, vumbi usoni. Walishuka mlima, baba mbele, mtoto nyuma. Kila baada ya muda mtoto aligeuka. Chui alikwenda njia yake, Fisi alikwenda njia yake na tumbo tupu, na bonde likabaki vile vile, la kila mtu na la ugomvi.

Pangoni, ndugu zake Kijiwe walimzunguka. Mmoja alimletea majani mabichi, yale laini ya juu. Kijiwe aliyanusa, akainua mdomo.

"Nrrr!"

Wakaruka nyuma wote. Kijiwe naye alishtuka kwa sauti yake mwenyewe, akaanza kujilamba mguu haraka haraka, polepole, haraka haraka, kama asiyejua afanye lipi. Bi Pimbi alikuja akakaa kando yake. Hakumkumbatia. Alikaa tu, mpaka mtoto akamwegemea mwenyewe.

Miaka ikaenda. Ngurumo akawa simba kamili, mla nyama kama baba yake, na nyati walimwogopa. Ila majabalini hakuwinda kamwe, na wakati wa jua la asubuhi walikuwa wakimwona amejinyoosha juu ya jiwe pana, sehemu yake mwenyewe, bila kumsukuma mtu. Kijiwe akarudi kula majani, akaoa, akawa mlinzi wa majabali. Hapakuwa na mlinzi kama yeye, maana alijua mwendo wa chui anayewinda na mwendo wa chui anayepita tu. Bi Chui akipita chini, Kijiwe hakupiga Kwii. Alisimama wima juu ya jiwe mpaka Bi Chui apotee machoni, na wenzake walijifunza kutomuuliza.

Nami nimewafikisha nilipotaka kuwafikisha, watoto wangu, na funzo la hadithi ni hili: mtoto huzaliwa na vyake na huongezwa vya waliomlea, na hakuna mwenye nguvu awezaye kumchana katikati akachukua nusu aitakayo.